Waliomcheka Bi Nyange

Mwenye binti aliyeposwa na asome haya kabla hajafungulia redio mbele ya wakwe. Wala asidhani ni maneno ya mtu asiyependa raha. Mwanaima binti Sheikhan, aliyekuwa akikaa Kisauni, upande wa kuelekea Mjambere, alipenda raha kama mtu mwingine yeyote. Ila raha ile iliyokuwa ikiingia nyumbani kwake kila Jumamosi baada ya alasiri hakuipenda tangu mwanzo. Akasema. Akasema tena. Hakuna aliyemsikiliza.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho kabla ya uhuru, wanaume wakizozana barazani kuhusu Mwambao, huu ukanda wetu wa pwani, uende na nani na ubaki na nani. Khamis, mumewe Mwanaima, alikuwa akifanya kazi kwenye matangi ya mafuta kule Changamwe, na ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kwao kuleta redio ya betri. Akaiweka ukumbini juu ya kimeza, akaifunika kitambaa cha kufumwa utadhani mtoto mchanga. Kila Jumamosi stesheni ilikuwa ikitoa mchezo uitwao Kwa Bi Nyange, na saa hiyo ikifika nyumba ya Mwanaima huwa si yake tena. Wanaume hukaa nje barazani, dirisha limeachwa wazi. Wanawake hujaa ndani ukumbini juu ya mikeka, buibui zao zimekunjwa mapajani. Mwenye nyumba ndiye hukosa pa kukaa.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Bi Nyange ni mjane anayekaa kwa mwanawe, Masudi. Masudi ana mke, jina lake Saada, mwenye ulimi mtamu na mkono mwepesi. Bi Nyange hufunga sukari kwenye pindo la leso, huhesabu vipande vya samaki chunguni, na kila akiingilia jambo lisilomhusu husema kwa sauti ya puani, "Mimi mgeni tu hapa." Saada naye kila wiki humtega mavyaa wake kwa hila mpya, huku Masudi yuko katikati, huyu akimwitikia "Naam, mama," na yule "Naam, mke wangu." Basi. Mchezo ni huo. Lakini kwa watu watatu wasioonekana hata sura, Kisauni nzima iligombana kuliko ilivyogombana kwa siasa.

Khamis alisema mwenye akili mle ndani ni Masudi peke yake.

"Yule ajua kuishi," alikuwa akisema. "Hamjibu huyu wala yule. Akila, alala."

Mwanarehema, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwuza mahamri, alikuwa upande wa Saada na hakuficha. "Huyo ndiye mwanamke! Lau ningekuwa mimi, yule kizee mroho ningemtilia pilipili kwenye hiyo sukari yake."

"Na mkaza mwana wako akikufanyia wewe hivyo?" Mwanaima alimwuliza siku moja.

"Akinifanyia mimi? Nitamrudisha kwao na chungu chake kichwani." Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega, na Mwanarehema akacheka kuliko wote, wala hakuona neno.

Mwanaima hakumpenda Saada hata kidogo. Aliona ile si hadithi, ile ni darsa ya wasichana. Kila wiki mtoto wa watu hukaa kitako akafundishwa namna ya kumhadaa mama wa mumewe, na mafunzo hayo humwingia kwa kicheko, kwa hiyo hayatoki. Akimwambia Khamis, Khamis hujibu, "Wewe nawe! Mchezo tu huo." Akimwambia Mwanarehema, huambiwa amezeeka kabla ya siku zake. Mwanaima alifika mahali akawa akisikia yale maneno "mchezo tu", roho yamwenda mbio kama aliyetukanwa.

Na alikuwa na sababu. Binti yake Barke alikuwa ameposwa. Aliyemposa ni Obeid, mtoto wa pekee wa marehemu Ghanim aliyekuwa na duka la nguo njia kuu. Watu wale walikuwa wafanyabiashara, nyumba ya heshima, na hawakuzoea kuoa nje ya jamaa zao. Waliokwenda kuuliza habari za Barke kwa siri waliambiwa kwamba ni msichana mwenye haya, na ni haya hiyo iliyowaleta. Makubaliano yalikuwa ndoa iwe mfungo mosi, baada tu ya Ramadhani, na Barke ataingia nyumba ileile anayokaa Bi Kuluthum, mamake Obeid. Mavyaa atamfundisha jiko lao, kisha atamkabidhi funguo. Bi Kuluthum alikuwa mjane na hana mtoto mwingine. Pa kwenda hana.

Kwa hiyo Barke alitiwa utawani, kama ilivyokuwa desturi. Msichana aliyeposwa hatoki nje ovyo, na watu wa mume wakija huingia chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Hawamwoni. Hawamsikii. Hata kikohozi hukimeza. Mama akiulizwa "Bibi harusi hajambo?" humjibia yeye, naye huko ndani hunyamaza kimya, na ukimya huo ndio sifa yake. Wengi leo wataona ni mambo ya kale. Kwa Mwanaima yalikuwa ndiyo mambo yenyewe.

Jumamosi moja, wanawake wamekwisha kaa na redio haijafunguliwa bado, pakapigwa hodi mlangoni.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu, karibu," akaitikia Mwanaima, kisha akaona ni nani, akakurupuka. Alikuwa Bi Kuluthum mwenyewe, na mpwa wake Mahfoudha nyuma yake amebeba sinia la haluwa lililofunikwa kwa kawa.

"Shikamoo, Bi Kuluthum. Jamani, bila habari! Karibuni ndani."

"Marahaba, mamake Barke. Nimepita tu, si ziara ya posa." Akaketi pole pole kwenye mkeka, akawatazama wanawake wote. "Naona mna kikao."

Mwanaima alimtupia Barke jicho, na Barke akateleza nyuma ya pazia kama maji. Mwanaima alitaka kusema redio imeharibika. Alitaka betri ziishe papo hapo. Lakini Mwanarehema, ambaye hakuumbwa na breki, akasema, "Tunasikiliza Bi Nyange, bibi. Kila Jumamosi. Lakini kwa kuwa umekuja wewe…"

"La, msiache kwa ajili yangu," akasema Bi Kuluthum. "Fungulieni. Mchezo huo nami huufuata. Huusikiliza kwa jirani, dirishani."

Mwanaima aliposikia hayo alishukuru Mungu. Kumbe mkwe naye ni mpenzi wa Bi Nyange! Akajiona mjinga kwa hofu yake yote. Akafungulia redio, akaenda kumimina kahawa, na kwa mara ya kwanza akadhani labda Khamis alisema kweli.

Hapo ndipo mama wenzangu wanapokosea, na ndipo alipokosea Mwanaima. Mtu akikwambia naye aupenda mchezo unaoupenda wewe, usimwitikie haraka. Mwulize kwanza aupendea nini.

Siku hiyo Bi Nyange alikuwa amealika wageni, wanawake wenzake wa zamani ambao hawajaonana miaka. Kaomba ruhusa kwa Masudi, kajipamba, kafungua ile sukari ya pindoni aliyokuwa akiiweka. Saada akachukua chumvi akaichanganya humo. Wageni wakanywa, wakatema, mmoja mmoja wakaaga. Bi Nyange akabaki peke yake na vikombe, akaanza kulia, akisema chai ya nyumba ya mwanawe si yake, na wageni wake si wake.

Ukumbi ulipasuka. Mwanarehema alipiga mapaja yake makofi, akalala ubavu, akaomba aachwe afe. Barazani wanaume wakacheka mpaka Khamis akapaliwa na kikohozi. Mwanaima, birika mkononi, alimgeukia mkwe kwa tabasamu amtilie kahawa, akakuta Bi Kuluthum ameinua ncha ya mtandio na kuipeleka machoni.

Hakuwa akicheka. Alikuwa akilia.

Mwanaima alitaka kunyamazisha watu. Na kabla hajawahi, kutoka nyuma ya pazia kikaja kicheko. Kicheko cha msichana, kirefu, kisichozuiwa, cha mtu aliyejitahidi kukibana mdomoni kikamshinda. Kisha, baada yake, ile sauti ya puani, imeigwa sawasawa hata ungedhani redio imehamia chumbani:

"Mimi mgeni tu hapa!"

Wanawake wote wakageuka kulitazama pazia, kisha wakageuka kumtazama Bi Kuluthum. Mahfoudha akainamisha kichwa.

"Huyo ni nani?" akauliza Bi Kuluthum.

Nani amjibu? Kila mtu alijua.

"Ni mtoto tu, bibi," akasema Mwanaima. "Msamehe, amesahau kama kuna watu."

"Mtoto yupi? Huyo niliyemposea mwanangu?"

"Ah, Bi Kuluthum!" Mwanarehema akaingilia, bado akipangusa machozi ya kicheko. "Usiyatie moyoni. Ni mchezo. Nani asiyemcheka Bi Nyange?"

"Mimi."

Alisema pole pole, bila hasira, na hilo ndilo lililowatisha. Mwanaima akaizima redio.

"Mimi simcheki," akaendelea Bi Kuluthum. "Tangu mchezo huu uanze, sijamcheka. Mwanamke kafiwa na mume, kampa mwanawe kila alichokuwa nacho, leo hana hata kikopo chake, sukari aifunga kwenye leso. Nyinyi mwacheka. Mimi kila nikisikiliza nasema, leo labda watamhurumia. Sijui kama wanaoutunga wajua kwamba kuna watu wausikiliza hivi."

"Lakini ni mroho, bibi," Mwanarehema akasema, ila sasa kwa sauti ndogo.

"Mroho wa nini? Wa sukari ya nyumba aliyoijenga?" Bi Kuluthum akajisaidia kwa mkono, akainuka. "Mamangu mzazi alimalizia siku zake kwa kakangu. Alikuwa akipimiwa chai. Na alikuwa akichekwa. Twende, Mahfoudha."

"Kahawa, bibi," Mwanaima akamwomba. "Onja tu. Tafadhali."

Bi Kuluthum alikitazama kikombe, akamtazama Mwanaima usoni, akasema, "Allah akubariki, mamake Barke," akatoka. Kikombe kilibaki kimejaa. Kwetu pwani mtu wa posa akiondoka bila kuonja hana haja ya kuongeza neno. Wanawake wakaanza kuvaa buibui zao mmoja mmoja, kila mmoja akidai ameacha chungu motoni.

Khamis alipoingia akaelezwa, alicheka.

"Kicheko kivunje posa? Mwanaima, wewe wataka kunichekesha zaidi ya redio."

"Khamis, yule mama alilia ukumbini kwako."

"Alilia kwa ajili ya mtu asiyekuwepo! Bi Nyange ni nani? Ni mtu amekaa stesheni aigiza sauti, labda hata si mwanamke. Sasa mimi niende nikamwombe radhi mkwe kwa niaba ya mtu asiyekuwepo?"

"Uende kwa niaba ya mwanao."

"Atapoa. Wewe ndiwe mwenye kuyakuza mambo." Akaenda zake barazani kuendelea na Mwambao.

Mwanaima akaingia chumbani. Barke alikuwa amekaa kitandani, kucha mdomoni, macho mekundu.

"Ulikuwa wacheka nini?"

"Mama, ilinitoka tu."

"Sikuulizi ilitokaje. Nakuuliza, wamcheka nani? Wataka kuwa Saada wewe? Ndivyo ulivyojifunza, kumtilia chumvi mama wa mumeo?"

"Saada?" Barke akashangaa kweli. "Saada simtaki hata kumsikia, mama. Mimi nampenda Bi Nyange. Wallahi ndiye nimpendaye katika mchezo wote. Nikiisikia tu sauti yake nafurahi. Ndiyo maana najua kuiiga."

Mwanaima alishusha pumzi. Hilo ni neno. Hilo laweza kupelekwa kwa watu. Asubuhi yake alijifunga buibui, akapika vibibi, akaenda mpaka kwa Bi Kuluthum, njia nzima akiyapanga maneno. Alimkuta amekaa uani nyuma ya duka, achambua mchele. Walisalimiana vizuri. Vibibi vilipokewa. Mwanaima akaomba radhi, kisha akaleta lile neno lake.

"Barke hakuwa akikucheka wewe, bibi, wala hakumdharau yule mama. Aniambia yeye ndiye ampendaye kuliko wote katika mchezo."

Bi Kuluthum akaendelea kuchambua. "Mtu wampenda, naye alia, wewe wacheka. Mapenzi gani hayo, mamake Barke?"

Mwanaima akautazama mchele.

"Sikwambii kwa ugomvi. Nataka kujua. Na wewe je? Sikukuona ukicheka."

"Mimi sicheki, bibi," Mwanaima akasema kwa haraka, kama aliyepata pa kushika. "Mimi mchezo ule siupendi. Tangu mwanzo nimekuwa nikiwaambia. Yule Saada anawaharibu watoto kwa hila zake. Nimegombana na mume wangu, nimegombana na jirani zangu, wote kwa sababu ya Saada."

"Saada." Bi Kuluthum akalitoa kokoto moja, akalitupa. "Basi wewe ulikuwa wamwangalia Saada. Mumeo?"

"Yeye… Masudi."

"Yule jirani yako, Saada vilevile, kwa upande wake. Na binti yako apenda sauti. Mle ndani mlikuwa wengi, na hata mmoja hakumwona yule kizee. Hata wewe uliyekuwa na hasira kwa ajili yake."

Lile lilimchoma Mwanaima, na lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Wiki zote zile alizokuwa akiwalaumu watu, hakuwahi kujiuliza Bi Nyange ajionaje. Alimfikiria binti yake tu, atafunzwa nini, ataharibika vipi. Alitaka kusema jambo, lakini lililomjia lilikuwa ni lile la kujitetea, akaliacha.

"Posa, bibi?" akauliza mwisho.

"Neno langu nalijua. Nitawaletea habari."

Siku zikaenda. Mwanaima akisikia mlango, aruka. Hatimaye akaja Mahfoudha, akakaribishwa, akanywa maji, akasema alichotumwa. Posa ipo palepale, Bi Kuluthum havunji neno alilolitoa mbele ya wazee. Mfungo mosi uko palepale. Isipokuwa jambo moja: Obeid amepangishiwa nyumba peke yake karibu na daraja, na bibi harusi ataingia huko. Bi Kuluthum atabaki kwake nyuma ya duka, na hatakaa nao.

"Hatakaa nao?" akauliza Mwanaima. "Atakaa na nani?"

"Peke yake, bibi."

"Na funguo? Na jiko? Nani atamfundisha Barke?"

Mahfoudha akainua mabega. "Amesema atajifunza mwenyewe. Amesema hataki kuwa mgeni wa mtu."

Mahfoudha alipoondoka, ndipo Mwanaima alipojua kuwa yuko peke yake katika nyumba iliyojaa watu. Khamis aliingia akipiga viganja. "Si nilikwambia? Posa ipo, na nyumba yao peke yao juu yake! Wewe ulikuwa walia bure." Mwanarehema alikuja mbio na mahamri ya bure, akapiga vigelegele mlangoni. "Barke mwanangu, umezaliwa na bahati! Mume bila mavyaa! Wangapi waiomba hiyo usiku na mchana wasiipate?" Habari zikazunguka, na kila aliyepita alitoa hongera.

"Hongera ya nini?" Mwanaima alijaribu kuuliza. "Mama wa watu amekosa nyumba ya mwanawe kwa ajili yetu, mwanipa hongera?"

"Hakufukuzwa. Amejitoa mwenyewe," Mwanarehema akamjibu.

"Amejitoa kwa sababu alitusikia!"

"Ndiyo hayo yako, Mwanaima. Mambo yametengenea, wewe watafuta penye ufa."

Jumamosi ikaja. Mwanaima alisema redio haifunguliwi. Khamis akaifungulia. Wanawake wakajaa kama kawaida, mikeka ikatandikwa, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa upande wa mume, Barke alitoka ndani akaja kukaa miguuni pa mamake, uso wake unang'aa. Mchezo ukaanza.

Mwanaima akainama sikioni mwa binti yake. "Barke, nisikilize. Harusi ikipita, siku zote utakuwa ukienda kwa Bi Kuluthum. Upike naye, ukae naye mpaka jua litue. Umwambie ahamie kwenu. Mbembeleze mpaka akubali."

"Ahamie kwetu?" Barke akageuka, hakuelewa. "Lakini mama, yeye si amekataa mwenyewe? Na kila mtu asema ni bora hivi."

"Uliniambia wampenda kuliko wote. Yule mama anayelia. Ulisema wampenda."

Barke akatabasamu, kama mtu anayemweleza mtoto jambo dogo.

"Yule wa kwenye redio, mama."

Mwanaima akafungua mdomo. Nje barazani Khamis akapiga dirisha kwa vidole, akasema hawasikii vizuri, hebu ongezeni sauti. Barke akainuka akaenda kuongeza.